Chupa Zenye Jina Lako

Nabintu, mwanangu,

Habari za blanketi, za kutoacha begi lako ndani ya basi ukishuka kununua chipsi, na za kupiga simu ukifika Cape Town, nimekwisha kukuambia mpaka ukaziba masikio kwa zile waya zako za muziki. Hapa sizirudii. Umeenda kusukwa kwa Mama Chantal, na Mama Chantal ninamjua: mikono inasuka, mdomo unasuka zaidi. Kwa hiyo nina jioni nzima. Nimesogeza cherehani pembeni, naandika juu ya meza hii hii ya kukatia vitambaa, na umeme usipokatwa nitamaliza.

Ninaandika kwa sababu kusema kumenishinda. Nikianza kusema unanijibu kwa Kiingereza, na mimi kwa Kiingereza nakuwa mama mwenye adabu nyingi na maneno machache, naishia kusema sawa, sawa, halafu naenda kupiga pasi nguo za wateja. Kiswahili unakisikia vizuri sana, unajifanya tu. Soma polepole, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukinisomea Zaburi ukiwa mdogo na mimi nakukatiza kila mstari. Na usimpe mtu mwingine akutafsirie.

Nataka kuongea nawe juu ya ile pombe ya papa yako, ile iliyokuwa na jina lako. Nilichoifanyia unakijua, ulikuwepo, uliona kwa macho yako. Usichokijua ni kilichonifikisha pale, na kilichonipata mwaka huu nikiwa peke yangu katika chumba cha nyuma.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Mama yangu, yule wa kwenye picha ukutani aliyekunja uso, alikuwa mpika kasiksi. Kwetu Bukavu kasiksi ni pombe ya ndizi. Ndizi mbivu zinafukiwa shimoni mpaka zilegee, zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku chache iko tayari. Ikiwa tayari inataka kunywewa saa ile ile, kwa maana ikilala zaidi inakuwa siki na kazi yote imekwenda bure. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya haraka. Mama alikuwa akisimama uani anaita wanaume wapite, waje wanywe leo, kesho hakuna. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika daftari la shule, naomba ardhi inimeze.

Tulikuwa na mwalimu mmoja ambaye kila nikiingia darasani alikuwa anakwenda kufungua dirisha. Hakusema kitu hata siku moja. Anafungua tu, anarudi ubaoni, na darasa zima linaelewa. Ile kasiksi ndiyo iliyonishonea sare, ndiyo iliyoninunulia viatu, na bado kila asubuhi nilikuwa nanusa mikono ya ile sare na kumchukia mama yangu. Nilipookoka, watu walisema msichana huyu amemkimbilia Yesu. Nilimkimbilia kweli, lakini pia nilikuwa nakimbia harufu. Nikaapa kwamba nyumbani kwangu pombe haitaingia, na mama yangu alikufa akijua kwamba mtoto wake anamwonea haya. Hilo sijakuambia kamwe. Ulikuwa ukiniuliza nyanya alikuwa mtu wa namna gani, nami nakujibu alikuwa mchapakazi, halafu nakutuma kununua uzi.

Papa yako aliyajua haya yote aliponioa, na aliishi nayo vizuri mpaka alipopata ile kazi ya bustani hapa Johannesburg, kule juu mtaa wa Kensington, kwa Mzee Walter. Unamkumbuka Mzee Walter, yule Mwingereza aliyekuwa amebaki peke yake na paka. Alikuwa akipika gerejini kwake pombe ya kwao, nzito, nyekundu kama chai iliyosahaulika jikoni, ambayo inawekwa kando miaka kabla ya kunywewa. Mgongo ulipomkatalia, akamwomba papa yako amwinulie sufuria. Papa yako akaenda kuinua sufuria akarudi na ugonjwa wa kutaka kupika. Jioni hiyo hata kula hakula vizuri.

"Mama Nabintu," aliniambia, "kuna pombe ambayo ukiinywa mapema unaiharibu."

"Inakaa muda gani?"

"Mwaka. Ikikaa miwili ni bora zaidi. Mitatu, usiseme."

"Kwetu pombe ya mwaka mzima inaitwa siki," nikamwambia. "Umeoa mtoto wa mpika pombe, usinidanganye."

Akacheka. Unajua alivyokuwa akicheka, mabega yote yanaingia kazini. Nilimruhusu apike kwa masharti: chumba cha nyuma tu, mlango umefungwa, na watu wa kanisa wakiuliza ni juisi. Juisi! Mungu anisamehe, nilimwambia dikoni mzima kwamba mume wangu anatengeneza juisi ya shayiri kwa ajili ya tumbo.

Ile ya jina lako mliipika baridi ilipokuwa kali, ulipokuwa ndiyo kwanza umeingia sekondari. Mimi nilikuwa hapa mezani nashona nguo za harusi ya watu, nawasikia kupitia ukutani. Mliloweka kile kimea cha shayiri katika boksi la plastiki la kubebea vinywaji vya baridi, kwa sababu linatunza joto, na papa yako akakukabidhi kipimajoto kama anayekukabidhi funguo za gari. Kisha mkafungua bomba lake dogo, yakatoka yale maji ya kwanza, mazito, matamu. Nakumbuka ulimwuliza kwa nini msimwagie maji mengine ndani mpate pombe nyingi zaidi. Akakuambia hayo ya pili mtapika nyingine nyepesi ya kunywa upesi, majirani wafurahi, lakini hii inataka ya kwanza peke yake. Umeme ukakatwa katikati ya kuchemsha. Mkabeba sufuria lote hilo, wewe upande mmoja na yeye upande mmoja, mpaka kwenye gesi ya Mama Chantal, mnacheka njia nzima na mvuke ukiwafuata nyuma. Niliwaona dirishani. Nilitaka kuja kushika mlango. Sikuja.

Hamira ilichemka, ikatulia, pombe ikalala katika ule mtungi wa kioo. Mliposhindilia vizibo vya chupa ulikaa chini na kalamu zako ukaandika jina lako juu ya kila karatasi, NABINTU, NABINTU, na ua pembeni, ukazibandika moja moja. Papa yako akaja kuniambia, siyo kwa kuniomba, kwa kunijulisha tu: "Hii tutaifungua siku mtoto anatoka nyumbani kwenda kujitafutia maisha." Mimi nikamjibu kwamba mtoto wangu siku hiyo atasindikizwa kwa maombi. Bon, sawa, akasema, maombi yanaweza kutangulia.

Majira ya joto yalipoingia aliugua kifua, kitu kidogo. Alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akanipungia mkono pale kwenye roboti, zile taa za magari za Jules Street. Hakurudi.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Matanga yalijaa. Watu wa kanisa walileta chai, mikate na nyimbo, na Mama Chantal aliosha vyombo mpaka vidole vikakunjana. Walikuja pia wanaume wa kwetu, wale papa yako aliokaa nao chumba kimoja Jeppestown alipofika nchi hii hana mtu, wakakaa uani juu ya makreti. Na Mzee Cirhuza, ambaye sisi watu wa Bukavu hapa tunamhesabu kama mkubwa wetu, akaniita pembeni. Hakusema kwa ubaya. Alisema: "Mama, mwenzetu tutamsindikiza na majani ya chai?"

Ungekuwa umezaliwa kule ungejua jinsi neno lile lilivyoniingia. Matanga makavu kwetu maana yake marehemu hakuwa na watu. Hata mjane asiye na kitu anatafutiwa mtungi uwekwe katikati ya wanaume. Na mama yangu alikuwa na sheria yake ambayo sikumsikia akiivunja: mtu akifa, pombe aliyoiacha nyumbani inywewe na waliokuja kumlilia, isilale. Mume wa jirani yetu alipokufa, alitoa mtungi mzima wa kasiksi aliokuwa amepikiwa yule mume, akagawa bila kudai kitu. Mimi niliyemkimbia mama yangu kupita nchi kadhaa, siku ile nilisimama pale na kichwa chake. Nikaona aibu. Nikaona mume wangu anazikwa ugenini, mwili wake hauwezi kurudi kwao, ndugu zake wanalia kwenye simu, na hata glasi ya kumwagia tone chini hakuna. Nikaenda chumba cha nyuma.

Ulinishika mkono mlangoni. Wakati huo bado ulikuwa unasema nami kwa Kiswahili: "Mama, si hiyo. Papa alisema hiyo ingoje."

Na mimi nikakujibu: "Papa yako hayupo tena wa kungoja."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mpaka limekwaruzika. Ningeweza kusema mengine mengi. Ningeweza kumtuma kijana yeyote hapo kwenye kona anunue kreti la bia, pesa za rambirambi zilikuwepo mezani. Wazo hilo halikunijia kabisa. Nilikuwa mtoto wa mpika kasiksi, na kwa mtoto wa mpika kasiksi pombe ya marehemu ni ile iliyoko ndani.

Nikawapelekea chupa zote. Wakafungua, wakamimina, wakaonja. Niliona nyuso zao. Ilikuwa kali, nzito, inachoma koo kabla hujameza, utamu wake mnene unabaki kwenye meno. Mmoja akasema, "Hii ni dawa ya kikohozi," na watu wakacheka, kile kicheko cha matanga ambacho watu wanakitafuta sana kwa sababu wamechoka kulia. Nami nikataka kucheka nao. Nilikuwa peke yangu, Nabintu, niliogopa wataondoka. Nikasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Mumsamehe marehemu. Pombe hii ilimshinda kupika."

Wakacheka zaidi. Mimi pia. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na sinia.

Baadaye nilikuona pale bombani uani. Ulikuwa umekusanya zile glasi walizoacha nusu, umezipanga juu ya ukuta, maji yanakimbia, na glasi moja iko mkononi mwako. Hukuweza kuimwaga na hukuweza kuinywa. Ulisimama hivyo. Na mimi, badala ya kuja, nilipiga kelele kutoka mlangoni kwamba unamaliza maji ya mwenye nyumba. Nilikuona ukifunga macho, kisha ukaanza kumwaga. Naomba unisamehe kwa glasi zile. Kwa kufungua chupa naweza kujitetea kidogo, nina sababu zangu za nyumbani kwetu. Kwa glasi sina la kujitetea.

Tangu siku ile ulianza kunijibu kwa Kiingereza. Nilisema ni shule, ni marafiki, watoto wa hapa wote wako hivyo. Watoto wote wako hivyo, ndiyo, lakini wewe ulianza siku ile.

Halafu mwaka huu ukaleta ile habari, kwamba kuna watu Cape Town wana kiwanda kidogo cha pombe na wanachukua vijana wa kujifunza, na kwamba wamekukubali uanze mwaka ukigeuka. Ulikuwa umesimama hapo karibu na jokofu, bado umevaa ile tisheti ya duka. Na mimi nikafungua mdomo, akatoka yule mwalimu wa dirisha. Nilisema sikuvuka mipaka yote hii ili mtoto wangu awe mpika pombe kama nyanya yake.

Ukaniangalia. Ukasema kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja: "Na nyanya alikulisha na nini, Mama?"

Eish, mwanangu. Ulikwenda kulala na mimi nikabaki na sufuria la maharage mpaka likaungua.

Jumamosi iliyofuata nilikuaga kwamba nakwenda kwa mteja kupima gauni. Sikwenda kwa mteja. Nilipanda kilima kwa miguu mpaka Kensington, na maandazi kwenye mfuko, kwa sababu siendi kwa mtu mikono mitupu hata kama ni mzungu. Mzee Walter siku hizi hatoki kwenye kiti chake. Paka ni mwingine. Alinitambua mara moja, akaniita kwa jina la papa yako, mke wa fulani, akaniambia kaa. Nikamwuliza moja kwa moja, kwa Kiingereza changu kibovu, kama ile pombe ya mume wangu iliharibika. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Nikamweleza: ilikuwa kali, watu walikataa kuinywa, waliiacha kwenye glasi.

"Mliifungua lini?"

Nikamwambia. Akamshika paka masikio.

"Ilikuwa bado mtoto," akasema. "Yote huwa hivyo ikiwa mtoto. Inapigana."

Kisha akaniambia jambo ambalo sijakuambia mpaka sasa, na limekuwa likinikaa hapa kifuani. Papa yako alikuwa amempelekea chupa moja, kwa adabu, kama mwanafunzi kwa mwalimu. Mzee Walter aliiweka. Aliifungua mwaka jana, siku yake ya kuzaliwa, peke yake. Nikamwomba anieleze ilikuwaje. Alifikiri sana. Alisema ukali ulikuwa umekwisha wote, imekuwa laini, ina ladha ya zabibu kavu na ya sukari iliyoungua kidogo, na baada ya kumeza bado inaongea. Alisema alitamani kumwambia aliyeipika, akakumbuka kwamba haiwezekani. Akaniuliza kama sisi tuliweka hata moja. Nikasema hapana.

Basi ndivyo ilivyo. Mtu pekee duniani anayejua kazi ya papa yako ilivyokuja kuwa ni mzee mmoja wa Kensington. Ilikuwa ya kwako na hukuionja. Nilitelemka kilima nikilia barabarani kama mwehu, na mama mmoja wa spaza, kile kiduka cha mtaani, akatoka kuniuliza kwa Kizulu nani amenipiga.

Huko uendako watakufundisha vipimo na mashine, na sina la kuongeza hapo. Ninachokijua mimi ni kidogo: mtu akicheka kazi ya mpendwa wako, si lazima ucheke naye ili abaki. Waliocheka nami siku ile waliondoka tu, wengine hata simu hawakunipigia tena. Aliyebaki ndani ya nyumba alikuwa wewe, na ndiye niliyemcheka.

Sasa nakuja kwenye la mwisho, na usinicheke. Au nicheke, nimestahili.

Nilirudi kwa Mzee Walter. Nikarudi tena. Baridi ilipoanza nilitoa vyombo vya papa yako kutoka nyuma ya marobota ya vitambaa, nikaviosha, na siku zako za kazi nilikuwa nafunga ule mlango wa chumba cha nyuma napika. Mimi. Ya kwanza niliiharibu kabisa kwa sababu nilichemsha kimea kama uji, nikafikiri moto mwingi ndiyo bidii. Mzee Walter aliponisikia kwenye simu alifunika uso, nilijua tu, ingawa simu haionyeshi. Mama Chantal naye akaja ghafla akasimama mlangoni ananusa.

"Mama Nabintu, unapika nini?"

"Uji."

"Uji wa nani, wa jeshi zima?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea ataniombea. Alivua viatu vya kanisani, akashika upande wa pili wa sufuria. Ile ya pili tulifuata maneno ya mzee sawasawa, maji ya kwanza peke yake, yale maua machungu ya kutia ladha kwa wakati wake, hamira baada ya kupoa. Ililala mtungini baridi yote. Ile wiki ya fujo za kuwafukuza wageni, tulipolala kanisani na wewe ukanikasirikia kwa nini siachi kutaja nyumba, niliomba Mungu ailinde, na naona haya kukuambia kwamba niliutaja mtungi kabla ya cherehani.

Tulipoiweka kwenye chupa ilibaki kidogo ndani ya mtungi, haijai chupa. Mama Chantal alikuwa amekwenda. Nilimimina kwenye kikombe, nikakaa juu ya ndoo, nikaonja. Unajua mimi pombe haikupita kinywani mwangu tangu ubatizo. Ilinichoma koo kabla sijameza. Utamu mnene ukabaki kwenye meno. Ilikuwa ile ile, Nabintu. Ukali ule ule wa matanga, uso nilioukunja ni uso wao. Na hii nilikuwa najua kwamba haina kosa, nilikuwa nimeipika sawasawa, mzee alikuwa ameipima nilipompelekea kidogo. Nilikaa pale na kikombe mpaka miguu ikafa ganzi. Papa yako hakushindwa. Alikuwa amepika vizuri kabisa, na mimi nilimwombea msamaha mbele ya watu kwa kitu ambacho hakukosa.

Sikumwaga kilichobaki. Nilikinywa chote, kikali hivyo hivyo, nikalala jioni ukadhani ni malaria.

Vile vifuko vya kitenge ulivyonikuta nashona, ulivyoniuliza ni vya nini nikasema ni vya chupa za maziwa za watoto wa wateja, ni vya chupa hizi. Mzee alisema mwanga unaiharibu. Kila kifuko nimekitarizia jina lako. Ua sikuweza, uliloliandika wewe lilikuwa zuri zaidi. Ziko chini ya kitanda changu, siyo chako, maana chako jua la asubuhi linakifikia. Nilitaka kukuwekea moja kwenye begi. Nilikuwa nimekwisha kuifunga ndani ya sweta lako la bluu, mchana huu, ulipokwenda kuaga dukani. Nikaitoa. Nilikaa nayo magotini na mkono mzima uliniwasha. Nilitaka sana uondoke na kitu, na nikaona kwamba ni mkono ule ule wa siku ile ya matanga, uliotoa chupa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo unaondoka mtupu. Nisamehe na hilo.

Sijui utarudi lini. Sikuulizi. Ukirudi mwakani itakuwa bado inapigana kidogo. Ukichelewa miaka, itakungoja vizuri kuliko mimi, mimi nitakuwa nalalamika kwenye simu kila Jumapili. Siku ukija utaifungua mwenyewe, utaonja mwenyewe, na utaniambia kama ina zile zabibu kavu. Mzee Walter anasema atajitahidi kuwepo. Na huko, wakikuuliza umejifunzia wapi, taja papa yako. Kisha mtaje na nyanya yako, jina lake lilikuwa M'Cibalonza, alipika kasiksi Bukavu, mtaa wa Kadutu, na kasiksi yake ilikuwa inasifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Mimi sijawahi kulisema jina hilo hapa Johannesburg. Nimelisema leo.

Naona roho yako inasema, na Mama akifa kabla? Nimekwisha kufikiria hilo, unanijua. Hata waje watu wa Bukavu wote walioko mji huu, hata Mzee Cirhuza asimame uani aulize anachotaka kuuliza. Nimemwapisha Mama Chantal mkono juu ya Biblia, na anajua chupa ziko wapi. Kwenye matanga yangu watu wapewe chai.

Mama yako.